Mwanamke wa Mwisho Mlimani

Muindi alipiga picha makalio ya mama mkwe wake, akayapa jina la kisanaa, akayatundika ukutani mbele ya wageni waalikwa, na akapewa cheti. Yote haya aliyafanya kwa nia njema kabisa. Hapo ndipo shida ilipokuwa, kwa sababu mtu aliyekosa kwa nia mbaya hujua pa kuanzia kuomba msamaha. Aliyekosa kwa nia njema husimama tu kama aliyemwagiwa maji, akiuliza amefanya nini.

Kwa kazi, Muindi alikuwa mpiga picha wa pasipoti, harusi na mazishi mjini Machakos. Studio yake ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la buluu lenye maua ya manjano. Upande huu alikaa mkewe Kasiva na cherehani yake ya kushonea sare za shule, upande ule kulikuwa na kamera na kiti cha wateja, na familia zilizotaka picha ya kumbukumbu zilipangwa mbele ya hilo pazia. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Lakini moyoni, tangu alipohudhuria mafunzo mafupi ya picha na tabianchi kule Nairobi, Muindi alikuwa msanii. Alirudi na mkoba wa turubai, kofia pana ya majani, na mazoea mapya ya kufumba jicho moja akitazama vitu visivyohitaji kutazamwa hivyo, kama vile sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, ikichemka.

Akaanza kupanda vilima, Iveti, Mua na Kalama, akitafuta mahali mlima unapokufia. Akikuta mti uliokauka alifurahi. Siku alipoikuta chemchemi iliyokuwa matope matupu alipiga magoti akamshukuru Mungu, kisha akakumbuka kwamba alitakiwa kuhuzunika, akahuzunika.

Picha yenyewe aliipigia upande wa pili wa bonde, akiwa kivulini, kwa lenzi ndefu aliyoikodi. Ilionyesha mteremko wa Kalama ukiwa mwekundu na mtupu, vumbi likipanda, mitaro ya zamani ikiwa imebomoka. Katikati ya ukame huo wote alikuwa mwanamke mmoja ameinama na jembe, amewapa mgongo watazamaji. Sketi yake ya buluu ndiyo ilikuwa rangi pekee iliyo hai mlima mzima. Muindi akaiita "Mwanamke wa Mwisho Mlimani".

Siku ya maonyesho, ukumbi wa kukodi mjini ulijaa. Lavender, bibi mmoja wa Nairobi mwenye sauti ya upole aliyekuwa msimamizi wa maonyesho hayo, alisimama mbele ya picha hiyo kwa muda mrefu kuliko nyingine zote.

"Angalieni huu upweke," aliwaambia wageni. "Mvua imekimbia, watu wamekimbia, amebaki yeye peke yake."

Muindi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeteseka pamoja na huyo mwanamke. Ukweli ni kwamba wakati wa kuipiga alikuwa akila ndizi.

Mwandishi mmoja wa habari akamuuliza huyo mama anaitwa nani. Muindi akavua kofia. "Hana jina," akasema. "Huyu ni sisi sote."

Wakampigia makofi. Kasiva aliingia wakati makofi hayo yakiendelea, kabeba birika kubwa la chai na beseni la mandazi aliyokuwa amebembelezwa apike kwa ajili ya wageni. Akatua mzigo, akajifuta mikono, akaitazama picha. Mumewe akamsogelea, akingoja sifa.

"Unaonaje?"

"Hiyo sketi nilishona mimi," Kasiva akasema.

"Sketi gani?"

"Hiyo. Kitambaa cha pazia kilibaki, nikamshonea mwaitu sketi ya shamba. Angalia hapo kwa pindo. Uzi wa buluu uliisha nikamalizia na mweusi."

Muindi akafumba jicho moja. Pindo lilikuwa na uzi mweusi. Lenzi ya kukodi ilikuwa nzuri mno.

"Mama Mwendwa, vitambaa kama hivyo viko vingi sokoni."

"Na huo mgongo wa mama yangu pia uko mwingi sokoni?"

Msomaji asimhukumu upesi. Kwa Wakamba, mwanamume na mama mkwe wake wana nthoni, yaani heshima ya kuepukana: hawapeani mkono, hawali meza moja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani kumpisha mwenzake. Muindi alikuwa amelelewa vizuri. Tangu harusi yake hakuwahi kumtazama mama mkwe wake, Syokau, sawasawa. Alimjua kwa sauti yake nyuma ya ukuta wa jikoni, na kwa kandambili zake, ambazo alizijua barabara kwa sababu huko ndiko macho yake yalikokuwa daima. Mtu mwingine yeyote kutoka Machakos hadi Katangi angempiga Syokau picha na kumtambua. Ni yeye tu, kwa ajili ya adabu, aliyekuwa kipofu.

*

Habari ilifika Kalama kabla ya mandazi kuisha. Mutindi, jirani yake Syokau, alikuwa mjini kununua mbegu, akaingia ukumbini kwa kufuata harufu ya chai, akainua simu yake akaipiga picha ile picha. Kufikia jioni kundi zima la akina mama wa kanisa lilikuwa limeiona, wameikuza, na wametoa maoni.

Kesho yake Muindi alimkuta Kasiva akikunja nguo za mtoto wao Mwendwa na kuzipanga kwenye begi.

"Mwaitu amekataa kwenda kuteka maji," akasema bila kugeuka. "Wanamcheka huko kwa bomba."

"Nitaenda nimwambie pole."

"Utamwambia ukiangalia wapi? Uso wake huwezi kuangalia. Lakini hiyo upande ingine umeweka kwa ukuta na taa juu."

Kabla Muindi hajajibu, simu yake ililia. Alikuwa Lavender. Picha imechaguliwa kwenda Nairobi, kwenye maonyesho makubwa ya milima, na si hivyo tu, ndiyo itakayokuwa kwenye bango la mlangoni. Kuna mambo ambayo mwanamume mwenye busara hufunga mdomo akaenda kuyafurahia chooni. Muindi hakuwa mwanamume huyo.

"Wanaitaka Nairobi," akasema, uso wote ukicheka. "Itakuwa kwa bango, Kasiva. Jina langu chini yake."

Kasiva akafunga zipu ya begi. Hakupaza sauti, na Muindi angependa apaze.

"Basi mimi na Mwendwa tuko Kalama. Ukimaliza na Nairobi utatupata huko. Ama usitupate."

Aliondoka akiacha sare za watu kwenye cherehani, sindano ikiwa bado ndani ya kola. Muindi akajiambia kwamba wasanii wote wakubwa walieleweka kwa kuchelewa. Kisha akatafuta chumvi kwa muda mrefu akaikosa, akala mayai yasiyo na chumvi, na hayo pia hayakumfanya ajisikie msanii mkubwa.

*

Baba mkwe wake, Mzee Ngui, alipiga simu akasema maneno machache: "Kuja na mbuzi. Na usikuje na kamera."

Kwa hiyo Muindi alipanda Kalama akiwa nyuma ya pikipiki, mbuzi mapajani. Kabla ya kufika kanisani mbuzi alikuwa amekwisha kula ukingo mzima wa ile kofia ya usanii. Dereva alicheka mpaka akasimamisha pikipiki. Muindi naye, baada ya kufikiri kidogo, akamwachia mbuzi kofia iliyobaki.

Nyumbani alikalishwa uani, kiti chake kikiwa kimegeuzwa kisielekee jikoni. Mutindi alikuwepo pamoja na wanawake wengine wa kijiji, wameketi kwenye benchi wakiambua njugu bila haraka. Kasiva alikuwa mlangoni. Syokau alikuwa jikoni, na ukuta wa jikoni ulikuwa wa mabati yenye matundu.

"Muindi amefika," Mzee Ngui akauambia ukuta, ingawa ukuta ulikuwa hapo hapo.

"Muulize hiyo mbuzi ni ya nini," ukuta ukajibu. "Kama ni ya kuombea mgongo wangu msamaha, arudi nayo. Mtu akilima anainama. Mimi sijaanza kuinama juzi, na sioni aibu."

Mzee Ngui akageuka. "Anasema hivi—"

"Nimesikia, Mzee."

"Ngoja nikuambie. Ndiyo desturi. Anasema mtu akilima anainama." Akakohoa. "Na hayo mengine."

"Sasa muulize," sauti ikaendelea, "hiyo siku nilikuwa nachimba na nani."

Hapo Muindi akaanza kuhisi kwamba alikuja amejiandaa kwa kosa lisilokuwa lenyewe. Alikuwa ameikariri hotuba nzima kuhusu heshima ya mwili.

"Mimi nilikuwa hapo kushoto kwake," Mutindi akasema, akitupa maganda. "Nimevaa leso nyekundu. Tulikuwa kikundi yote ya mwethya, ya kusaidiana kazi, tangu asubuhi, tukichimba mitaro na kurusha mchanga juu ndio mvua ikikuja isibebe shamba. Nimeangalia hiyo picha nikajitafuta. Mimi nimeenda wapi?"

Wanawake wote wakamtazama Muindi kama watu waliokuja kuulizia mizigo yao iliyopotea.

"Niliwatoa," akasema.

"Ukatutoa aje?"

"Kwa kompyuta. Nilikata huku na huku, na wale walibaki karibu nikawafuta." Alisikia maneno yake mwenyewe yakitoka, na hakuna hata moja lililokuwa na heshima. "Ndio mlima uonekane mpweke."

Njugu zikaacha kulia. Mzee Ngui alianza kuugeukia ukuta, kisha akaona hakuna haja.

"Muambie hivi," Syokau akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mlima ni mgonjwa, mimi sikatai. Mvua ilikuwa inakuja tukiijua kama mgeni wa kila mwaka. Siku hizi inakuja vile inataka, inabeba mchanga inaenda. Huko juu maji imeisha. Hiyo yote ni ukweli, apige picha mpaka achoke. Lakini mgonjwa akiwa na watu kando ya kitanda, huwezi ondoa watu ukasema ametupwa."

Mzee Ngui hakurudia.

"Na hapa kwetu anayechimba mtaro peke yake ni yule amekosana na watu. Ni mchawi, ama ni mchoyo, watu wameitwa kwa mwethya yake wakakataa kuenda. Mimi ndio mwenyekiti wa hiyo kikundi. Sasa mtu wa Kithimani akiona hiyo picha atasema, huyu mama alifanya nini mpaka akaachwa? Muulize. Nilikosana na nani?"

Muindi aliona aibu. Haikuwa ile aibu ya kuchekwa, ambayo alikuwa ameizoea na hata akaanza kuipenda. Hii ilikuwa ya kujua kwamba amemsingizia mtu. Siku zote alidhani kuwa hatari ya kazi yake ni kuonyesha kingi mno, kumbe alikuwa amefanya kinyume, akamnyang'anya mwanamke wa watu majirani zake wote na kumwacha juu ya kilima kama aliyelaaniwa. Na wageni wakapiga makofi, wakala mandazi ya binti yake.

"Hukukosana na mtu," akasema. Alisahau kuyapitisha kwa Mzee Ngui. "Mwambie, Mzee, hakukosana na mtu. Mimi ndiye nilidanganya."

"Amesikia," Mzee Ngui akasema.

Ukuta ukatoa hukumu. Ile picha nzima, na watu wake wote, itolewe kwa ukubwa ule ule na fremu ile ile, iletwe Kalama. Ile ya uongo isiende popote. Mbuzi abaki, ataliwa siku hiyo picha itakapofika.

Kasiva alimsindikiza hadi njiani. Hakusema atarudi lini.

"Na Nairobi?" akauliza.

"Nitaongea nao. Pengine watachukua hiyo nzima."

"Na wakikataa?"

Muindi akatazama mlima, macho yote mawili. "Nitaongea nao," akarudia, na Kasiva, aliyemjua, akarudi nyumbani kwao.

*

Lavender aliipokea picha nzima kwa simu, na akapiga baada ya kuitazama. Alikuwa mtu mwema. Hilo ndilo lililofanya mambo kuwa magumu.

"Ni nzuri, Muindi. Kweli ni nzuri. Lakini hawa wengine... huyu wa leso nyekundu anacheka."

"Huyo ni Mutindi. Anacheka kila wakati, hata mazishini."

"Sasa unaona. Watu hawaji kwenye maonyesho ya tabianchi kufurahi. Ukiona kikundi kama hiki unasema, hawa watamudu. Ile ingine inakushika hapa." Hakika alikuwa amejipiga kifua, Muindi alimsikia. "Tubaki na ile ya kwanza. Na nikuulize tu, nani wa Kalama atakuja huku kuiona?"

Swali hilo Muindi alikuwa amejiuliza mwenyewe njia nzima kutoka Kalama, na alikuwa amelijibu vizuri. Hakuna. Angepeleka nzima kwa mama mkwe, akapeleka kipande Nairobi, kila mtu akafurahi na yeye akawa kwenye bango. Akamwambia Lavender ampe muda.

Bahati mbaya mchana ule ilikuja familia moja kupiga picha ya kumbukumbu. Akawapanga mbele ya pazia, baba, mama na nyanya yao mwenye fimbo, akainama kwenye kamera. Yale maua ya manjano yakamjaa jichoni. Kila alipojaribu kuitazama ile familia aliiona ikiwa imeketi, kwa adabu na nguo za Jumapili, mbele ya sketi ya Syokau. Akasogeza kamera kulia, ikawa sketi. Akasogeza kushoto, ikawa sketi.

"Tuko sawa?" akauliza baba wa familia.

"Mko sawa. Ni mimi niko na shida kidogo."

Yule nyanya alikuwa amekaa pembeni, na fimbo yake iliharibu mpangilio. Mafunzo ya Nairobi yangemshauri Muindi amkate. Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mgongo wake ukagonga cherehani ya Kasiva, na nyanya akaingia mzima, yeye na fimbo yake. Walipoondoka akampigia Lavender.

"Naomba kuiondoa ile picha. Ina kosa."

"Kosa la kiufundi?"

"Hapana. La ukwe."

Alieleza kadiri alivyoweza. Lavender alisikitika, akasema anamheshimu, na kesho yake nafasi ya bango ikachukuliwa na mti mkavu wa kijana mwingine, ambao Muindi aliukagua kwenye simu kwa chuki na kukiri kwamba ni mti mzuri. Iliuma. Hakuna haja ya kusema haikuuma. Alikuwa amekwisha mwambia muuza maziwa, kinyozi na padri, na ilibidi aende kwa mmoja mmoja kuwaambia kwamba haitakuwa. Kinyozi alimnyoa bure, na hilo ndilo lililomvunja moyo zaidi.

*

Picha ilipofika Kalama mvua ilikuwa imenyesha, kwa kuchelewa na kwa hasira, ikachukua shamba la chini la kanisa na daraja la miti. Mitaro ya mwethya ilikuwa imeshika maji. Si yote, mmoja ulipasuka, lakini mahindi yalikuwa yameota kwa mistari, mafupi na mabishi.

Mbuzi akachinjwa. Muindi aliketi uani na wanaume, akiwa na mfupa mkononi, akasikiliza jinsi picha yake ilivyopokewa sebuleni. Hakuna onyesho la Nairobi ambalo lingempa kelele kama zile. Wanawake walikuwa wakijitafuta. Mutindi alijiona mara moja akadai kwamba leso yake imetoka vizuri kuliko ya kila mtu. Mwingine akalalamika kwamba amepigwa akipumzika, na si kweli kwamba alipumzika siku ile. Wengine walikuwa wakionyesha kidole dirishani na kurudi kwenye picha, wakibishana ni mtaro upi ndio upi. Kisha ikasikika sauti ya Syokau, ambayo Muindi hakuwahi kuisikia ikicheka.

"Na huyu wa sketi ya buluu anaringa nini?"

Nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Muindi akauma mfupa wake, akajifuta macho kwa mkono wa shati, na akasingizia pilipili.

Baadaye Kasiva alitoka na kumwita aingie anywe chai. Begi lake na la Mwendwa yalikuwa mlangoni, yamefungwa, na juu yake kuku wa kubeba mjini, amefungwa miguu. Muindi aliyaona na hakusema kitu, kwa kuwa alikuwa ameanza kujifunza. Akajifuta mikono, akafunga kifungo cha juu cha shati, akaingia taratibu kama mtu anayeenda kuona kazi kubwa ya maisha yake ikiwa mahali pake.

Ilikuwa imetundikwa kati ya kalenda ya kanisa na picha ya harusi yake mwenyewe, na ilikuwa imefunikwa. Kutoka juu hadi chini, fremu nzima, kwa kitambaa cheupe cha kufuma, cha kufunikia kochi siku za wageni.

"Mama yako anasema pole," Mzee Ngui akasema, akimwonyesha kiti kilichoitazama. Huko jikoni vikombe vilikuwa vikioshwa. "Lakini amefikiria. Huwezi kukaa hapa unakunywa chai ukimwangalia hivyo. Nthoni ni nthoni. Watu wengine wakikuja tutatoa."

"Ni sawa, Mzee."

"Imetoka vizuri sana. Watu wamesema."

"Asante."

Kasiva akammiminia chai, akaketi kando yake, karibu kuliko alivyokuwa amekaa tangu ugomvi uanze, akitazama mbele kwa makini kama mtu anayezuia kucheka. Upepo wa mlimani ukaingia dirishani na kuinua pembe ya kitambaa. Muindi akainamisha macho upesi, akaitazama chai yake mpaka kitambaa kikatulia.